Kwa Nini Bahari Hupwa na Kujaa

Sogeeni, na anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana jambo hili nikilianza silikatizi. Mmekuwa mkiniuliza kwa nini bahari hutoka ikaenda zake kisha ikarudi, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Basi jueni kuwa haikuwa hivyo. Hapo mwanzo, kabla hata babu wa babu zetu hawajafikiriwa, bahari ilikaa palepale siku zote. Haikupwa wala haikujaa. Maji yaligusa mizizi ya mikoko asubuhi, yakagusa mizizi ileile jioni, na hakuna binadamu aliyejua chini yake kuna nini.

Siku hizo palikuwa na pwani mbili zilizotazamana, Mikadini upande wa huku na Kisongoni upande wa kule. Katikati palikuwa na mlango wa bahari, na mtu mwenye kifua akiita alisikika ng'ambo. Kila pwani ilikuwa na jumbe wake. Majumbe hao walikubaliana kuwa mpaka wa nchi zao upite katikati ya maji. Hakuna aliyewahi kuuona mpaka huo, lakini kila mtu aliapa kuwa anaujua ulipo.

Sasa sikilizeni ujinga wa wazee wetu, na msicheke sana maana ni damu yenu. Watu wa Mikadini walikuwa wasafi kupita kiasi. Ua lilifagiliwa asubuhi, likafagiliwa tena baada ya chakula. Vigae vya vyungu, nyavu zilizochakaa, mifupa, matambara, vyote vilifungwa mafurushi kwa kamba, vikapakiwa mtumbwini na kupigiwa kasia hadi katikati ya maji. Hapo mpiga kasia alitazama huku na huku, akapiga kasia mara tatu zaidi ili awe na hakika amevuka mpaka, ndipo akatupa. Alirudi kwao roho imemsuuzika, kwa kuwa bahari ya kwao imebaki safi. Na watu wa Kisongoni je? Walewale! Nao walivuka mpaka, wakatupa upande wa huku. Siku nyingine mitumbwi ilipishana, watu wakajuliana hali vizuri kabisa, kila mmoja na mafurushi yake miguuni.

Mikadini aliishi msokota kamba, mjane aitwaye Bi Mwatime. Makumbi ya nazi aliyavumbika kwenye tope la pwani hadi yakalainika, akayafukua, akayaponda, akasokota nyuzi zake juu ya paja. Hapakuwa na kamba Mikadini ambayo haikupita mikononi mwake. Alikuwa amezaa watoto wanne na kuzika watatu. Aliyebaki, Mize, aliolewa Kisongoni na kijana aitwaye Vuai, na mwaka huo alikuwa na mimba yake ya kwanza. Nanyi mnaijua desturi: mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake mzaa mama. Bi Mwatime alikwisha kutandika kitanda na kuweka mafuta ya nazi tayari, akawa anangoja mwanawe avushwe.

Mimba ya Mize ilipofika mwezi wa saba, taka zikaanza kurudi. Mafurushi yaliyokaa chini miaka na miaka yalifumuka, yakaibuka, upepo ukayasukuma hadi pwani zote mbili. Kasa walikutwa wamekufa ndani ya nyavu zilizotupwa. Watoto walioga wakatoka na miguu iliyochanwa na vigae. Mikadini wakasema Kisongoni wametuchafulia, na Kisongoni wakasema hivyohivyo juu ya Mikadini. Majumbe wakaufunga mlango wa bahari: mtumbwi usivuke, mtu asivuke, hata salamu zisivuke. Mize akabaki kule na tumbo lake, mama yake akabaki huku na kitanda kitupu. Bi Mwatime aliogopa, tena aliogopa sana, kwa kuwa yeye uzazi hakuusikia kwa watu.

Mwezi wa tisa ulipoingia, Jumbe Kitwana wa Mikadini akataka ushahidi wa kwenda nao vitani. Aliamuru taka zote zirundikwe mchangani, akamwita Bi Mwatime mbele ya watu.

"Bi Mwatime," alisema, "kamba hakuna anayezijua kukushinda. Zipitie, utwambie hizi ni za nani."

Bi Mwatime akachuchumaa. Wasokotaji wa Kisongoni walipindia kushoto, yeye alipindia kulia, na vidole vyake viliijua tofauti hiyo hata akifumba macho. Kamba ya kwanza ilikuwa ya kushoto. Ya pili, ya kushoto. Watu wakaanza kushangilia. Ya tatu aliishika kwa muda mrefu. Ilikuwa ya kulia, imelegea mahali fulani katikati, na alikumbuka kabisa kuwa aliisokota katika eda ya mumewe, mikono ikiwa haina nguvu. Akaiweka kando. Aliendelea hivyo hadi jua likawa kali, na mbele yake pakawa na mafungu mawili makubwa. Pembeni palikuwa na fungu la tatu, dogo, la kamba zilizosukwa kwa majani asiyoyajua.

"Haya, sema basi," Jumbe alihimiza.

Alijua kuwa akitamka tu Kisongoni atabebwa juujuu kwa vigelegele, na asingemwona tena mwanawe. Alijua pia kuwa kusema kweli ni kuwaumbua watu wake, na wa kwanza kuumbuka ni yeye.

"Fungu hili ni la Kisongoni," alisema. "Lile dogo silijui, limetoka nchi za mbali. Na hili, Jumbe, ni langu. Nilizisokota kwa mikono hii, tukafungia taka, tukaenda kuzitupa kwa wenzetu. Hakuna hapa asiyejua."

Wale waliokuwa wakishangilia wakaanza kurudi nyuma.

"Umetuaibisha, mama," Jumbe alisema.

"Nimejiaibisha mimi kwanza. Mwanangu yuko kule siku zake zimefika, nami nakwenda."

Akachukua kamba zake mwenyewe, akazipakia mtumbwini na kupiga kasia. Hakuna aliyethubutu kumshika. Alipofika katikati, walinzi wa Kisongoni walimzuia kwa mikuki, na walinzi wa Mikadini nao wakamfuata kwa nyuma.

"Rudi, mama! Umefika mpakani!"

"Uko wapi huo mpaka, wanangu?"

Walinyoosha mikono kuuonyesha, kila mmoja na pake. Bi Mwatime akaliweka kasia chini, akainama, akatia mkono majini hadi kiwikoni.

"Ewe bahari," alisema, "nimekutupia taka maisha yangu yote na sijawahi kutazama chini. Nionyeshe nilichotupa. Nitakiokota. Lakini niache nifike kwa mwanangu."

Jambo lililofuata, walioliona walikosa maneno ya kulisimulia, nami niliyelipokea kwao sina maneno kuwazidi. Maji yaliondoka. Hayakupiga kelele. Yalijivuta taratibu chini ya mitumbwi, na mtumbwi wa Bi Mwatime ukashuka, ukashuka, ukakaa mchangani kama yai linalowekwa kapuni. Bahari ikaenda mbali hadi ikawa mstari mmoja wa buluu, ikasimama hapo. Nchi ambayo haijapata kuliona jua ikaliona siku hiyo: mabonde ya mchanga mweupe, matumbawe mekundu na ya zambarau yanayochuruzika maji, majani marefu yaliyolala yote upande mmoja. Pweza walijikusanya kwenye mashimo yao na kuwatazama watu. Kwenye pwani zote mbili watu walikimbilia ukingoni. Wengine walipiga magoti, wengine walishika vichwa, na bikizee mmoja alilia tu, akisema kumbe, kumbe, kumbe.

Na katikati ya uzuri ule wote palikuwa na kilima cha taka. Kilikuwa kirefu kuliko mnazi. Furushi juu ya furushi, kamba za kulia zimenasa katika kamba za kushoto, huwezi kuzitenganisha. Watu waliutafuta mpaka wao mchangani, kila upande kwa macho yake, wala hawakuuona. Ubavuni mwa kilima alikuwamo kasa mmoja mkubwa, angali hai, shingo imekabwa. Bi Mwatime akashuka mtumbwini, akaenda kumkatia ile kamba. Ilikuwa yake.

Hapo watu wakaanza kuteremka kutoka pande zote mbili, pasipo kuitwa na mtu. Walibeba vichwani, walibeba migongoni, walikokota hadi nchi kavu. Majumbe wawili walijikuta wameshika furushi moja zito, wakalinyanyua pamoja bila kusemezana, ila Jumbe Kitwana alimwachia mwenzake upande mwepesi. Mchana ukasonga. Kilima kikashuka hadi kimo cha nyumba, kisha cha mtu, kisha cha goti. Bahari ilisimama kule mbali ikingoja, na kila aliyeinua macho kuitazama aliyashusha upesi.

Mize naye alikuja, anatembea polepole, Vuai amemshika mkono.

"Mama."

"Njoo, mwanangu, njoo."

Hazikupita hatua kumi uchungu ukamshika. Wakati huohuo mtu akapiga ukelele kwamba bahari inarudi. Ilikuja pana, toka pembe hata pembe, inameta. Mkunga mmoja wa Kisongoni alipiga goti, akatazama, akatikisa kichwa.

"Huyu habebeki tena. Mtoto keshafika."

Wangeweza kukimbia, na nyinyi wenyewe mngekimbia. Hakukimbia hata mmoja. Wanawake wa Mikadini na wa Kisongoni walimzunguka Mize, wakanyoosha nguo zao kumsitiri, na wanaume wakasimama nje yao wameipa mgongo bahari. Bi Mwatime alimkumbatia mwanawe kwa nyuma, akahisi moyo wake mwenyewe unapiga mbavuni mwa Mize. Alisikia maji. Aliyaona yakipita baina ya miguu ya wanaume, yakawafikia wanawake kwenye vifundo, kisha yakasimama. Mengine yaliinuka pande zote nyuma ya wanaume, ukuta wa kijani usioanguka, na hapo katikati mchanga ukabaki mkavu kama jamvi. Samaki walipita ukutani, wakatulia kutazama. Bahari nzima ilikuwa imezuia pumzi, na watu nao wamezuia. Ndipo mtoto wa kike akalia.

Walimlaza Mize juu ya mtumbwi, wakamwinua mabegani, Kisongoni mbele na Mikadini nyuma, wakampeleka kwenye kitanda cha mama yake. Maji yalifuata nyuma ya visigino vyao, hatua kwa hatua, hayakumlowesha mtu. Kesho yake, bila kuombwa na yeyote, bahari ilitoka tena ikaonyesha mchanga wake. Nadhani haikutuamini tena, na haki ilikuwa yake.

Na tangu siku hiyo bahari hupwa na kujaa kila siku, na siku za bamvu, mara mbili kila mwezi, hutoka mbali kabisa hadi vilindi vinaonekana. Siku hizo watu wa pwani zote mbili huteremka wakakutana katikati. Hukusanya kilichokwama, wakakitandaza mchangani, wakaambiana bila kufichana: hiki chetu, hiki chenu. Kile kisichojulikana hupewa wasafiri wakakionyeshe nchi nyingine na kuuliza. Na binti mwenye mimba ya kwanza hungoja bamvu, akavuka kwa miguu kwenda kwa mama yake, katikati ya watu wanaookota. Humpisha, wakamwombea salama, wala hakuna anayemuuliza ametoka upande gani.

Bahari nayo husubiri saa chache tu, kisha hurudi.