Ugomvi wa Manahodha Wawili wa Mpasua-Anga

Mwaka ule mvua iliaga kama mgeni anayekwenda dukani kununua chumvi, ikatokomea hukohuko. Mto Mpopoto ukakauka hata kambare wakaonekana wakitambaa kwa matumbo kutafuta matope. Nyasi zilichakaa zikawa kama mvi za mzee. Tembo, ambaye zamani alikunywa bwawa zima na kuuliza kama kuna jingine, sasa alilamba umande kwenye jani na kushukuru.

Simba, mfalme wa Bonde la Mlowa, akapiga mbiu. "Kisima kichimbwe katikati ya mto! Atakayechimba atakunywa, asiyechimba atalamba jiwe!" Yeye mwenyewe hakuchimba. Alisema kucha za mfalme ni za kuonyeshwa watu, si za kuchafuliwa.

Basi wanyama wakachimba, na kazi haikuwauma, kwa sababu Bi Kasuku alikaa juu ya mgunga ukingoni mwa mto akiwasimulia habari za Mpasua-Anga. Hadithi hiyo haikuwa na mwisho. Bi Kasuku aliirithi kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake, na kila aliyeirithi aliirefusha. Mpasua-Anga kilikuwa chombo kikubwa kilichopaa kutoka nyota moja hadi nyingine, kikiendeshwa kwa moto wa radi uliofungwa kibuyuni.

Nahodha wake wa kwanza alikuwa Nyegere. Nyegere huyu hakujua kubisha hodi. Akikuta mlango uko wazi, aliufunga kwanza ili apate kuuvunja. Majitu ya Nyota Nyekundu yalipomfunga minyororo, aliing'ata minyororo, akayang'ata majitu, kisha akaing'ata na nyota yenyewe, ikabaki na pengo hadi leo.

Nyegere alipozeeka, chombo kikashikwa na Nahodha Korongo. Huyu alikuwa mpole, mrefu, asiye na haraka. Likitokea jambo zito alisimama kwa mguu mmoja akafikiri. Siku majoka ya moto yalipokizingira chombo, mabaharia wote wakajificha chini ya vitanda, lakini Korongo akatoa shingo dirishani akayauliza, "Mmekula, jamani?" Majoka hayakuwahi kuulizwa hivyo tangu yazaliwe. Yakaanza kueleza shida zao, Korongo akasikiliza, yakalia, na machozi yao yakauzima moto wao wenyewe.

Sungura alimpenda Korongo kupita kiasi. Alijizoeza kusimama kwa mguu mmoja mpaka siku moja akatumbukia kisimani akiwa na jembe lake. Rafiki yake mkubwa, Digidigi, alikuwa wa Nyegere. Kila asubuhi alikipiga kichuguu kichwa, halafu mchana kutwa analalamika kichwa kinamgonga. Walitaniana, wakacheka, wakachimba. Hadithi ilipokuwa inatiririka, hakuna aliyegombana.

Lakini vumbi lilizidi na koo la Bi Kasuku likakauka. Siku moja alisema, "Nyegere akaruka, akas... khhhr!" Sauti ikakatika palepale. Akajaribu tena. Khhhr.

Wanyama wakachimba kimya. Kimya kikawachosha. Na vinywa visivyo na hadithi mpya vikaanza kutafuna za zamani.

"Kusema kweli," Sungura alianza, bila nia mbaya, "Nyegere alikuwa wa kufungulia hadithi tu. Nahodha hasa ni Korongo."

Jembe la Digidigi likasimama hewani. "Sema tena."

"Nasema Nyegere ana meno. Korongo ana akili."

"Akili! Yule mnyonge anayewauliza maadui kama wamekula? Ungemkabidhi ngalawa ya kuvukia dimbwi?"

"Na wewe ungemkabidhi Nyegere mlango wa nyumba yako?"

Simba alikuwa amelala kivulini. Akainua kichwa. "Nahodha hapigi soga," alisema. "Nahodha hunguruma. Mimi ni Mnyegere."

"Mimi ni Mkorongo," Tembo akasema taratibu. "Mwenye nguvu za kweli hana haraka ya kupiga."

Ikawa ndiyo basi. Kufika jioni bonde lilikuwa limegawanyika. Wanyegere walikaa ukingo wa mashariki, Wakorongo ukingo wa magharibi, na kila upande ukasema hauwezi kunywa kisima kimoja na wajinga. Wakaanza visima viwili. Wanyegere walitupa mchanga wao kwenye shimo la Wakorongo, Wakorongo wakaurudisha kwenye shimo la Wanyegere, na mwishowe mashimo yote yakajaa, lile la zamani nalo likafukiwa. Walipomwendea Bi Kasuku awaamue, alitikisa kichwa tu, akagusa koo lake.

Hapo ndipo Fisi alipotokea. Siku zote za kuchimba alikuwa akiumwa mgongo. Leo alikuja mzima, kajipaka majivu usoni kama mtu wa busara.

"Ndugu zangu," akasema, "mimi sina upande. Mnahitaji mwamuzi. Nitawapima manahodha wote wawili, na nitakayemtaja ndiye mkubwa. Wa upande utakaoshindwa watawachimbia wenzao."

Wote wakashangilia, maana kila upande ulijua utashinda.

Baadaye Fisi akapita mashariki akinong'ona, "Moyo wangu uko kwenu, ila kupima ni kazi nzito na tumbo tupu hupotosha mizani. Nileteeni chochote." Akavuka magharibi, akanong'ona vilevile. Basi vyakula vikaanza kwenda kwake. Walimpelekea mihogo, asali, mayai ya mbuni, na Simba akatoa mifupa yenye uboho. Kila alipoulizwa hukumu, Fisi alifumba macho. "Bado napima. Leo nimemaliza masikio ya Nyegere. Kesho naingia shingo ya Korongo, na mnajua wenyewe ilivyo ndefu."

Siku moja Sungura alichukua kiazi kikuu cha mwisho kilichobaki nyumbani kwake. Mkewe alimtazama akikifunga kwenye majani. Watoto walikuwa wamelala mchana, midomo imewapasuka kwa kiu.

"Baba watoto," mkewe akasema, "huyo Korongo atatunywesha maji?"

"Mke wangu, ni siku moja tu imebaki. Fisi yuko upande wetu."

"Haya. Mpe salamu."

Sungura akatoka, na salamu hiyo ikamchoma mgongoni njia nzima. Alipokata kona karibu na pango la Fisi akagongana uso kwa uso na Digidigi. Tangu ugomvi uanze hawakuwa wamesemezana. Digidigi alikuwa na furushi. Akalificha nyuma. Sungura naye akaficha lake.

"Watokea wapi?" Sungura akauliza.

"Natembea. Na wewe?"

"Natembea pia."

Harufu ya asali ikatoka nyuma ya Digidigi. Wakatazamana.

"Unampelekea Fisi," Sungura akasema.

"Ameniambia moyo wake uko kwetu," Digidigi akajibu kwa kiburi. "Amesema ila kupima ni kazi nzito..."

"...na tumbo tupu hupotosha mizani," Sungura akamalizia.

Kisha wakanyata hadi penye pango, wakachungulia. Fisi alikuwa amechimba maghala mawili, moja upande wa mashariki kwa vya Wanyegere, lingine magharibi kwa vya Wakorongo, ili yeyote atakayekuja asione cha mwenzake. Mwenyewe alikuwa amejilaza katikati, tumbo juu, akijipigia ngoma na kuimba kwa sauti ya puani.

Digidigi aliinamisha kichwa tayari kwa shambulio. "Twende tukamvunje mbavu! Ndivyo angefanya Nyegere!"

"Atatumeza sote wawili pamoja na viazi," Sungura akasema, akimvuta nyuma ya kichaka. Alisimama kwa mguu mmoja. Safari hii hakuanguka. "Sikia, swahibu. Fisi hali chakula chetu. Anakula ubishi wetu. Ubishi ukiisha, atakuwa mwamuzi wa nini?"

"Utaishaje?"

"Mmoja wetu akubali kushindwa."

Digidigi akatazama mawingu yasiyokuwepo. Sungura akakuna sikio, akakuna la pili. Alijisikia kama mtu aliyeambiwa ameze nungunungu. Kisha akawaona moyoni watoto wake wamelala mchana.

"Haya," akasema. "Mimi nitasema Nyegere ni bora."

Macho ya Digidigi yakang'aa. "Umesemaje? Rudia, polepole."

"Usinichokoze! Na wewe utakuwa na zamu yako."

Akamweleza shauri lake lote. Digidigi aliposikia mwisho wake alicheka hadi akakaa chini, na Sungura akacheka kwa kuwa Digidigi anacheka. Wakakila kile kiazi pamoja na ile asali, nusu kwa nusu, wakabakizia watoto.

Kesho yake baraza likakaa mtoni. Sungura alikuwa ameshapita kwa Tembo na wenzake wa magharibi, na Digidigi kwa wenzake wa mashariki. Simba hakuambiwa, maana kiburi chake kisingeweza kutunza siri. Fisi alikuwa amesimama katikati ya mchanga, anashiba hata kwa kutazamwa.

Sungura akasimama. "Wenzangu..." Akafumba macho. "Nimefikiri sana. Nyegere ndiye nahodha mkubwa. Nimeshindwa."

"Hata mimi," Tembo akasema. "Tuvuke, jamani."

Wakorongo wote wakavuka mto mkavu wakakaa pamoja na Wanyegere. Simba akatikisa manyoya yake kwa furaha. "Basi! Ugomvi umekwisha! Mwamuzi nenda nyumbani, tunachimba!"

Fisi akahisi ghala lake la magharibi likipiga miayo. "Ngojeni!" akalia, akakimbilia ukingo wa magharibi uliobaki mtupu. "Mnamtupa Korongo hivihivi? Mrefu wa watu! Majoka ya moto nani aliyazima? Nyegere angeyang'ata angeungua ulimi! Korongo ndiye nahodha!"

Digidigi akafuta chozi la uongo. "Maneno haya yameniingia. Nilikuwa kipofu! Korongo ndiye!"

"Korongo! Korongo!" wote wakaitika, wakavuka mbiombio kwenda magharibi. Simba akajikuta peke yake mashariki. Akageuka huku na huku, na kwa kuwa mfalme asiye na watu ni paka mkubwa tu, akavuka naye, akijidai alikuwa amepanga hivyo.

"Tumekubaliana tena," Sungura akasema. "Tuchimbe."

"Msichimbe!" Fisi akaruka hadi mashariki. "Na minyororo je? Na majitu? Nyota nzima ina pengo, jamani! Nyegere!"

"Kweli kabisa! Nyegere!" Umati wote ukamfuata mashariki.

"Korongo!" Fisi akapaa magharibi.

"Korongo!" Wakaja nyuma yake.

Wakaenda, wakarudi, wakaenda. Vumbi likapanda, Tembo akicheka kwa mkonga hata ukatoa mlio wa tarumbeta, watoto wa nguchiro wakajiunga bila kujua ni mchezo gani. Sungura alikimbia mbele ya wote, akapiga kelele "Nyegere!" kwa furaha ya kweli, akashtuka mwenyewe. Ulimi wa Fisi ulining'inia hadi kifuani. Alisema Nyegere ana shingo ndefu, akasema Korongo ameng'ata majoka. Mwishowe akaanguka magoti katikati ya mchanga, akapasua sauti:

"Yeyote! Mtajeni yeyote! Ila gombaneni, jamani! Msipogombana mimi nitakula nini?"

Vumbi likatua.

"Umesema nini, mwamuzi?" Simba akauliza taratibu, na taratibu ya Simba ni mbaya kuliko ngurumo yake.

Fisi alitimua mbio kuelekea pangoni, bonde zima likiwa nyuma yake. Alipofika mahali njia inapogawanyika, ya kulia ikienda ghala la mashariki na ya kushoto ghala la magharibi, akasimama. Kulia kulikuwa na uboho. Kushoto kulikuwa na asali. Akapeleka mguu kulia, akakumbuka asali. Akapeleka mwingine kushoto, akakumbuka uboho. Asiweze kuacha hata kimoja, akazidi kujinyoosha huku na huku mpaka nyonga zikalia "kwaa!" na akabaki palepale, katanuka kama mkasi. Ndivyo walivyomkuta.

Maghala yakafunguliwa na kila mtu akala, aliyechangia na asiyechangia. Kwa amri ya Simba, Fisi akashushwa kwenye shimo la zamani, akachimba mbele ya wote, na wengine wakachimba pamoja naye. Wakati wote huo Sungura na Digidigi walikuwa wakibishana. Digidigi alidai Nyegere angefika kwenye maji kwa kuuma mwamba. Sungura alidai Korongo angeyabembeleza maji yapande yenyewe. Vinywa vilichapa kazi na mikono ilichapa kazi, mpaka jembe la Digidigi likatoa mlio mpya, chwa, na mchanga ukawa mweusi, kisha ukang'aa.

Watoto walikunywa kwanza. Mke wa Sungura akampitishia mumewe kata huku anatabasamu. Bi Kasuku akapelekewa ya kwake juu ya mgunga. Akanywa, akasukutua, akakohoa, na bonde lote likakaa chini mara moja kusikiliza.

Na Fisi? Aliruhusiwa kunywa, maana alichimba. Lakini nyonga zake hazikurudi zilipokuwa. Ndiyo sababu hadi leo anatembea mgongo umeshuka nyuma, na wakubwa wakimwona akipita huwaambia wadogo: njia mbili zilimshinda fisi.