Alisema Nini Pale Mlangoni?

Wapendwa, kabla sijaingia kwenye neno la leo, mtazameni mpiga kinanda wetu pale. Usifiche uso, baba, sikusemi vibaya. Mmeona anavyofanya tukianza kuomba? Anaanza taratibu, chini chini, na sisi machozi yanatulengalenga hata kabla hatujajua tunaomba nini. Akibadilisha akapiga kwa nguvu, tunasimama. Nani hapa amewahi kujiuliza kwa nini amesimama? Muziki una nguvu hiyo, na kuna bwana mmoja ambaye nguvu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

Bwana huyo alikuwa akitunga muziki wa filamu. Sisemi nyimbo za kuimba. Nasema ule muziki unaopita nyuma ya picha, fidla na matarumbeta na ngoma kubwa, unaokufanya ujue kuna mwizi nyuma ya pazia kabla hujamwona. Hakuajiriwa na mtu. Alikaa chumbani kwake na kompyuta na kinanda chake, okestra nzima imo humo ndani ya mashine, na kazi zilimjia kwa simu. Simu ikilia, kuna kazi. Isipolia, anatunga vya kwake na kusubiri, na mkewe anajifanya haoni.

Basi simu ikalia. Alikuwa dada mmoja mwongozaji wa filamu, naye ana filamu ndefu inayohitaji muziki. Bwana yule hakuwahi kupata kazi kubwa kama hiyo. Alijua kabisa kwamba ikikubalika, atapata nyingine. Ikiharibika, hakuna atakayempigia tena, maana watu wa kazi ile wanaambiana.

Sasa, alikuwa na mtindo wake. Akiletewa picha, anazima sauti za waigizaji. Alisema maneno yao yanamvuruga, hasikii muziki kichwani. Anawatazama nyuso, anatazama mikono na miguu, anatunga. Maelezo ya hadithi aliyotumiwa aliyapitia juu juu tu. Huko nyuma alikuwa ametunga kwa ajili ya matangazo ya sabuni na ya maziwa, na mtindo ule haukuwahi kumwangusha. Sabuni ina maneno gani ya kusikiliza?

Akafika mahali ambapo binti mmoja yuko peke yake nyumbani. Mlango unagongwa. Anafungua, na mzee mmoja amesimama nje, nguo zimelowa mvua, macho mekundu. Binti anarudi nyuma mpaka ukutani. Anataka kuusukuma mlango, mzee anautia mguu. Anainua mkono. Midomo inatetemeka.

Mngekuwa ninyi, mngemwekea mzee huyu muziki gani? Usinijibu, jibu lako nalijua. Na yeye alifanya hivyo hivyo. Akaweka ngoma nzito, matarumbeta ya chini yanayonguruma, na fidla zinazokwaruza mpaka meno yanauma. Alipomaliza alijipigia makofi mwenyewe chumbani. Kwa kweli ulikuwa muziki mzuri sana, hilo hakuna atakayemnyima.

Filamu ikaonyeshwa kwanza kwa watu wachache ukumbini, waseme wanavyoiona. Ilipofika pale mlangoni, ukumbi ukachafuka. "Funga mlango!" "Piga kelele we binti!" Mama mmoja wa mbele alijifunika khanga usoni. Mtunzi wetu amekaa nyuma, anatabasamu. Muziki umefanya kazi yake.

Taa zilipowashwa, mwongozaji akamfuata yule mama wa mbele.

"Mama yangu, yule mzee wa mlangoni umemwonaje?"

"Mbaya yule! Ana roho ya kuua."

"Alisema nini pale mlangoni?"

Mama akafikiri. Akamtazama mwenzake wa pembeni, naye akainua mabega. "Mwanangu, sikumsikiliza," akasema. "Nilikuwa naogopa."

Yule dada akageuka nyuma alikokaa mtunzi. Tabasamu lilikuwa bado lipo.

"Kaka, na wewe nakuuliza. Alisema nini?"

Hapo tabasamu likaondoka. Mtu aliyekaa na picha ile wiki baada ya wiki, anayejua kila mkunjo wa uso wa yule mzee, alikuwa hajui amesema nini.

"Dada, nisamehe," akasema. "Huwa nawazima."

Yule dada akampeleka kwenye mashine. Akaufunga muziki wote, akafungua sauti. Wakasikia mvua. Wakasikia mzee anahema. Kisha mzee akasema, "Mwanangu, sikuja kukaa. Nilikuacha ukiwa mdogo, na miguu yangu sasa inakwisha. Nimekuja kukuomba msamaha ningali natembea." Na ule mguu alioutia mlangoni ulikuwa unamshinda. Alikuwa anatafuta pa kuegemea. Na mkono alikuwa anauinua ajifute mvua usoni.

Yule bwana aliona aibu mpaka masikio yakamwasha. Aliomba apewe nafasi nyingine, na yule dada akampa. Alikwenda akafungua sauti, akaisikiliza filamu yote, mwanzo hadi mwisho, bila kugusa kinanda. Halafu pale mlangoni akatoa ngoma zote, akaacha fidla moja, tena inaanza mzee akishamaliza kusema.

Ndugu zangu, tusimcheke. Sisi ndio watunzi wenyewe. Mtu anapita, tumemwona uso, tumeona anavyotembea, sauti yake tumeizima. Kisha tunamwekea muziki, na muziki wetu ni mzuri, majirani wote wanausikia, watoto wanajifunza kuogopa. Ukimuuliza mmoja wetu, "Yule mtu alisema nini?" hakuna anayejua. Lakini filamu inarudi mezani ikatengenezwa. Jina la mtu mkishalichafua, mtalirudisha kwenye mashine gani?

Sasa geukeni mtazame benchi lile la mwisho, karibu na mlango. Leo liko tupu. Mnajua ni nani amekuwa akikaa pale tangu baada ya Pasaka. Baba yule aliyeondoka hapa mtaani zamani, akarudi mwaka huu amekonda. Siku ya kwanza alipoketi, waliokuwa kwenye benchi walihama mmoja mmoja. Mimi nilikuwa hapa mbele, niliona, na iliniuma. Ngoma zikaanza. Amekuja kudai nyumba. Ana ugonjwa. Amefukuzwa huko. Nani kati yetu alimuuliza? Jumapili iliyopita alinipa mkono pale mlangoni akaniambia hatakuja tena.

Nilimfuata kwake Alhamisi. Nikamuuliza, "Baba, umerudi kufanya nini?" Akanijibu, na sikuinuka pale kwenye kigoda chake mpaka jioni.

Mnataka niwaambie alichosema? Siwaambii. Nyumba yake mnaijua, ile ya nyuma ya mashine ya kusaga, na mlango wake huwa wazi mpaka jioni. Nendeni mkamsikilize wenyewe.

Na wewe, mpiga kinanda, leo usitupigie kitu. Tutoke kimya.