Chungu Kilicholia Vizuri

Mwanamke mmoja alikuwa na jina kubwa kwa ufinyanzi. Aliitwa Atuganile, na vyungu vyake vya kupikia vilisifika kwa mlio. Sokoni kwao mnunuzi hakuwa na maneno mengi. Alikigonga chungu kwa kifundo cha kidole; kikilia kama kengele alikichukua, kikitoa sauti nzito alikirudisha chini na kwenda zake. Hivyo ndivyo mama yake alivyouza, na hivyo ndivyo yeye alivyojifunza kuujua uzima wa chungu.

Mwaka ule mto ulipochafuka na watoto wakaanza kuharisha, bwana afya alimfundisha kufinyanga chungu cha kuchujia maji. Udongo unachanganywa na pumba za mpunga zilizotwangwa. Chungu kikichomwa, pumba zinaungua, na pale zilipokuwa panabaki vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji hupita humo taratibu na kudondokea ndoo iliyowekwa chini, uchafu ukabaki nyuma. Pumba zikizidi, chungu ni dhaifu. Zikipungua mno, ni kigumu lakini kimeziba.

Vyungu vyake vya kwanza vilichuja vizuri. Kisha kimoja kikamegeka ukingo mkononi mwa mnunuzi, katikati ya soko, watu wakacheka. Atuganile aliona haya, haya kali ya mtu ambaye hajazoea kuchekwa. Tangu hapo, kila alipochanganya udongo, mkono wake ulizibania pumba. Na kila alipozipunguza, chungu kililia vizuri zaidi, na sifa zikaongezeka. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu aliposifiwa aliyazuia maji yasipite.

Kile kigumu kuliko vyote alimpelekea bintiye Sekela, aliyeolewa ng'ambo ya mto. Haukupita muda akaitwa: mjukuu anaharisha, macho yamezama. Alipofika hakumtazama mtoto kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye chungu, akakigonga, kikalia. Akageuka kwa hasira, akauliza ni nani aliyempa mtoto maji machafu ilhali chungu ki kizima.

Sekela, mtoto akiwa mapajani, alimjibu, "Mama, chungu chako ni kizima. Wagonjwa ni sisi."

Atuganile akafunua kifuniko. Maji yalikuwa yamejaa mpaka juu kama yalivyomiminwa asubuhi, na chini yake, katika ndoo, hapakuwa na hata funda moja. Mtoto mwenye kiu hangoji. Huyu alikuwa amekunywa ya mtoni. Bibi yule aliketi sakafuni akalia, wala hakuficha uso. Mjukuu alipona, lakini polepole, na kwa siku nyingi kila mtu mle nyumbani alikuwa na hofu.

Aliporudi kwake alizirudisha pumba kwenye udongo. Safari hii alizichekecha kwanza, maana pumba kubwa huacha tundu kubwa, na ufa huanzia hapo. Kuta nazo akazinenepesha kidogo. Chungu kilipotoka motoni alikigonga kwa mazoea. Sauti ilikuwa nzito, ile ambayo maisha yake yote alikuwa ameiita sauti ya chungu kibovu.

Akakipeleka sokoni hivyo hivyo. Wanunuzi waligonga, wakamtazama kwa huruma, wakasema mikono ya mama imechoka. Haya ilimshika tena, lakini hakuondoka. Kila aliyesimama, Atuganile alimmiminia maji chunguni, akamwomba angoje, na kumwonya kwamba chungu hiki hubebwa kwa mikono miwili. Wengi hawakungoja. Waliongoja walikunywa.

Nanyi mnaosifiwa kwa ugumu, ambao neno la mwenzenu halijawahi kuwapenya wala chozi lake: nyumbani kwenu nani anakunywa?