Shahidi wa Kiwanja cha Kisima

Inasimuliwa kwamba usiku mmoja, katika mji mdogo wa Kwamchembe, baragumu lililia mara moja tu, na watu wakajua kuwa gari la nyumbu limeingia. Wenye safari walifunga vifurushi vyao wakingoja alfajiri. Hata wasio na safari hawakulala tena, kwa kuwa siku ile huko boma ardhi ilikuwa inauzwa kwa mnada.

Hizo zilikuwa zama za utawala wa wageni. Walowezi walikuwa wakinunua bonde baada ya bonde, na serikali ilikwisha kutangaza kuwa kila kiwanja ambacho mwenyewe hatajitokeza boma kitahesabiwa hakina mtu. Miongoni mwa viwanja hivyo kilikuwamo kiwanja cha kisima. Mtaa mzima ulikunywa hapo, na kiangazi hapakuwa na maji mengine ya karibu. Kilijulikana kuwa ni wakfu, lakini nani aliyekitoa, mtaani hakuna aliyejua. Tayari mlowezi mmoja alikuwa ameonekana akipima mahali pa kujenga ua.

Mtunza kisima alikuwa mzee mcha Mungu, mpole wa maneno. Watu walimwita Gharibu, kwani alikuja mgeni, na jina lake hakupata kulitaja. Tangazo lilipotoka, yeye aliwaambia wenzake, "Mwenye kiwanja yu hai. Inshallah nitamfikisha boma." Hawakujua kuwa anajisema mwenyewe. Nia yake ilikuwa aingie kwa bwana shauri, mwamuzi wa boma, amnong'oneze jina lake, kisha arudi kisimani aendelee kuwa Gharibu hadi kaburini.

Baada ya sala gari liliondoka. Ndani yake alikuwamo Bi Msanifu, mjane mwema aliyesomesha watoto wa kike Kurani. Wanawake wa mtaa walimtuma akasikilize hukumu. Alikuwamo mama mmoja kijana, amempakata mtoto wa homa anayempeleka hospitali ya boma. Na alikuwamo mchuuzi wa dawa, Kitwana, na sanduku lake la chupa nyekundu.

"Dada," mchuuzi alimwambia yule mama, "huko hospitali watamlaza wiki nzima, na wewe ulale chini ya kitanda. Hii ni kijiko asubuhi, kijiko jioni. Homa inaaga yenyewe."

"Na mke mkorofi je, inamtibu?" akauliza abiria mmoja.

"Inamtibu, mzee wangu. Lakini mnywe wote wawili."

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Alimtazama mtoto, akaitazama chupa, akasema, "Basi nitashuka kituo kinachofuata, nirudi nyumbani nikampe."

Gharibu alikuwa amekaa pembeni, tasbihi mkononi, na tasbihi haikusogea. Dawa ile aliijua. Akinyamaza, mtoto atashushwa garini na kunyweshwa. Akisema, ataulizwa amejuaje. Gari likapanda kilima, likateremka. Miti ya kituo ikaanza kuonekana. Mama akakusanya kanga zake.

"Mwanangu," akasema Gharibu, "usishuke. Mpeleke mtoto hospitali."

Kitwana akageuka. "Mteka maji, udaktari umesomea kisimani?"

"Hiyo ni sukari guru na mvinyo, na magome ya mkoko ya kutia rangi. Haitibu kitu. Mtoto hulewa akalala, mama akadhani amepoa."

"Umejuaje wewe?"

Gari lilikuwa limesimama. Msaidizi wa dereva alifungua mlango, akangoja. Gharibu akainamisha kichwa.

"Nilikuwa nikiipika mimi. Mimi ndiye niliyeianzisha pwani, kabla wewe hujazaliwa. Nilijua haitibu, na niliiuza."

Mama akakaa tena. Mlango ukafungwa. Ndipo Bi Msanifu akamuuliza Gharibu bila kumtazama:

"Uliuza Pangani?"

"Niliuza Pangani."

"Mwaka wa nzige?"

"Mwaka wa nzige, bibi."

"Binti yangu Zuwena alilala vizuri sana," akasema Bi Msanifu. "Niliwaambia majirani wasipige kelele, mtoto amepata usingizi."

Akajifunika uso kwa ukaya, akageukia nje. Uzee ulikuwa umefuta sura zao za Pangani wasitambuane; yule mzee alikuwa amemchotea maji kila alipougua, na yeye alikuwa akimwombea dua kama ndugu wa tumbo moja. Kitwana alilifunga sanduku lake bila kuambiwa.

Walipofika, Gharibu aliona kuwa hakuna chumba cha kunong'onea. Shauri lilisikilizwa barazani, mbele ya umati. Mnadi alikuwa amesimama na kengele yake, na mlowezi amekaa kiti cha mbele.

"Kiwanja ni changu," akasema Gharibu. "Nilitubu kwa Mola wangu, nikauza shamba nililorithi kwa mama yangu, nikakinunua na kuchimba kisima kwa ajili ya waja wake. Jina langu..."

Bwana shauri akainua mkono. "Jina la mnunuzi ninalo mimi daftarini. Wewe ukilitaja si ushahidi. Mwenye kudai hajishuhudii. Atokee mtu mwingine anayekujua, alitaje yeye."

"Gharibu!" watu wa Kwamchembe wakaitikia.

"Silo."

Jina jingine hawakulijua. Abiria aliyekuwa nao garini akamsogelea mzee, akamnong'oneza, "Bi Msanifu anakujua. Mwombe radhi sasa hivi, mwangukie miguuni."

"Radhi yake nitaiomba," akajibu Gharibu, "lakini si leo. Leo nina haja naye. Nikiiomba leo, nitakuwa ninamuuzia kitu tena."

"Kisima kitapotea."

"Mwenyezi Mungu ndiye mwenye maji."

Bwana shauri akangoja kidogo, kisha akamwashiria mnadi. Kengele ikainuliwa.

Ndugu zangu katika imani, hapa ndipo pa kumtazama mja mwema, Bi Msanifu. Kisasi alichokuwa amekikosa miaka yote kilikuwa mkononi mwake, nacho hakikumtaka atende lolote ila anyamaze. Wangapi miongoni mwetu huogopa kusema uongo, na haki wakaifukia kwa kimya? Tumwombe Mola atujaalie ulimi unaotoa ushahidi hata moyo unapovuja damu.

Bi Msanifu akainuka. Alipita katikati ya watu, akasimama mbele ya baraza, akaondoa ukaya usoni.

"Bwana, ninamjua. Dawa yake niliinunua mkononi mwake, naye akaniambia anavyoitwa, ili nikitaka nyingine nimuulizie. Tangu nilipomzika mwanangu jina hilo halijapita mdomoni mwangu." Akamgeukia mzee, na kwa mara ya kwanza siku ile akamtazama. "Sijakusamehe bado. Lakini kisima ni chako, na nitasema kweli."

Kisha akamwelekea bwana shauri, na watu wote wakasikia:

"Huyu ni Hemedi bin Mwinjuma."