Mashavu ya Mama Buku

Hadithi inaruka!
*Itue kwetu!*
Itue wapi?
*Mapajani!*

Ahsanteni kwa kuipokea. Palikuwa na viwanja viwili vya ndege, Mwambani na Mwanzini, na katikati yake ziwa. Ukiruka moja kwa moja, safari ni muda wa kuchemsha maji ya uji. Ukipanda Tai, maharage yanaiva, yanaungua, na bado mko angani! Nauli ya Tai ilikuwa hivi: akipiga bawa mara moja, anakula dagaa mmoja wa abiria. Basi alizunguka mlima, akazunguka wingu, akazunguka mlima uleule. Pu! Bawa moja, dagaa mmoja. Pu! Bawa moja, dagaa mmoja.

Mama Buku, yule panya buku, alikuwa na binti yake Mwanzini, jina lake Tunu, aliyejifungua mapacha. Alimpelekea kikapu cha dagaa wa mchuzi wa mzazi, akapanda Tai, akafika na kikapu kitupu. Maziwa ya Tunu yalikuwa matone tu, na mapacha walilia mpaka sauti zikakauka. Mama Buku akarudi kwa miguu, siku tatu kandokando ya ziwa, kuchukua kikapu cha mwisho kwake Mwambani.

"Shikamoo, Mzee Tai."

"Marahaba, Mama Buku. Naona kikapu!"

"Leo nina njaa, mzee wangu. Ukipiga bawa mara moja, mimi nile dagaa mmoja. Tukitua, waliobaki wote wako."

Tai akacheka moyoni. Tumbo la panya! Dagaa watatu tu, limejaa.

"Panda, mama, panda!"

Pu! Bawa moja. Nyam! Dagaa mmoja.
Pu! Bawa moja. Nyam! Dagaa mmoja.

"Hujashiba tu?"

"Bado kidogo, mzee."

Tai akaingiwa na hofu. Leo hakuzunguka mlima, hakuzunguka wingu. Alinyoosha shingo kuelekea Mwanzini, akaongeza mbio. Na kila alivyoongeza mbio, ndivyo alivyozidi kupiga mabawa. Pu-pu-pu! Nyam-nyam-nyam!

"Mama Buku, hujashiba?"

"Mm-mm."

Wakatua, ti! Maji ya uji hayajachemka. Tai akapindua kikapu. Likadondoka gamba moja la dagaa.

"Umekula wote?"

Mama Buku alipiga magoti, akapiga makofi ya shukrani, akakimbilia ndani kwa Tunu. Huko akainama juu ya ungo, akafungua mdomo. Pwaaa! Dagaa wote wakamwagika kutoka mashavuni, wazima, hata mmoja hakutafunwa.

"Ahsante, mama," Tunu akasema, machozi yakimtoka.

Mchuzi ukapikwa, maziwa yakaja, mapacha wakanyonya wakalala. Mama Buku akajaza bakuli, akampelekea Tai pale kiwanjani.

"Ahsante sana, mzee wangu. Umetufikisha upesi. Mungu akuzidishie."

Tai akatazama bakuli: dagaa tele. Akatazama mashavu ya Mama Buku: yamenywea. Akafungua mdomo agombe, harufu ikampata, akanywa. Akalamba bakuli. "Ahsante, mama," akasema polepole. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka neno hilo. Tangu siku hiyo anaruka moja kwa moja, maana anayefika mapema hukuta mchuzi bado wa moto.

Fundisho, wanangu, ni hili: msisafiri na chakula mdomoni. Ni tabia mbaya sana.

Hadithi imetua!
*Ahsante kwa kutufikisha!*