Mhariri Asiye na Jina

Kamusi elezo ya mtandaoni, ambayo yeyote aweza kuihariri, ilirekebishwa ikasema daraja la Mavumbi lilijengwa na akina mama, si Diwani Shemboko. Mwandishi hakutaja jina. Diwani akamwendea Zawena, mpangaji wake mwenye duka la intaneti.

"Nitajie huyo mtu, au uhame leo!"

"Tumtege, mheshimiwa. Anajifanya havumilii uongo; basi nitaandika humo uongo. Atakayeufuta kwa siri ndiye."

"Ndiye! Ataniomba radhi sokoni."

Zawena akaandika kwamba diwani anaogopa kuku. Kabla ya adhuhuri, uongo ulifutwa.

"Amenaswa, mheshimiwa. Ukurasa unaonyesha ametumia mtandao wa ofisi yako."

"Ni mimi! Ningeacha watu wasome uongo?"

"Hata yule wa daraja aliandika kwa sababu hiyohiyo: watu wasisome uongo. Sasa sokoni twende saa ngapi?"

Diwani akakohoa. "Binti, endelea na duka lako. Na habari ya daraja iache ilivyo."