Mkenge na Nywele za Uzazi

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Palikuwa na nini?"
"Palikuwa na mti."
"Mkubwa?"
"Tuambie wewe uliyeuona."

Basi hapo kale, katika mji wa Kilongo, aliishi mama mmoja, jina lake Mashavu. Mashavu alifiwa na mwanawe mchanga, hata nywele za uzazi hajanyolewa. Akamzika pembeni mwa shamba la mtama. Mvua ya kwanza iliponyesha, pale kaburini ukachipua mti wa mkenge.

Ukakua. Ukakua. Ukakua, jamani, asubuhi uko magotini, adhuhuri uko juu ya paa, na msimu haujaisha matawi yameufunika mji mzima. Kuku walilala mchana. Mtama ukapauka, ukagoma kuzaa. Watu walitazama juu vinywa wazi, na waliousema waliusema kwa kunong'ona.

Jumbe, mkuu wa mji, akatoa amri. "Ukatwe. Ukitushinda, tunahama wote."

Moyo wa Mashavu ukapasuka. Ahame, mwanawe amwache na nani?

Akapanda mkata miti wa kwanza, akakata kilele. Vikachipua viwili. Akapanda wa pili, akakata vile viwili. Vikachipua vinne. Akapanda wa tatu, yule mwenye maneno mengi, mnamjua, kila mji unaye. Akafyeka vyote, akateremka mbio, machipukizi yakimfuata kisogoni.

"Fungeni mizigo," akasema Jumbe.

Mashavu akausogelea mti, akaweka kiganja kwenye gome. Lilikuwa na joto, joto la mtoto aliyelia mpaka akachoka. Akashika mdomo. Mti wote ule, mrefu kupita macho, kumbe mtoto mchanga.

"Jumbe, huyu hakatwi. Huyu hunyolewa."

"Mti, Mashavu?"

"Mila yetu mwaijua. Mtoto hunyolewa kalala, na utosini huachiwa kishungi cha nywele. Nyie mmemvamia yu macho, mkamkata utosini. Mtoto gani angetulia?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Jumbe akampisha.

Mashavu akajifunga kanga kiunoni, akapanda na panga lake, akiimba:

*Lala, mwana, lala,*
*mama hayuko mbali,*
*lala, mwana, lala,*
*wembe hauna ukali.*

Majani ya juu yakajikunja. Ya kati yakajikunja. Ya chini yakajikunja. Kilongo nzima ikashusha pumzi.

Akakata tawi la chini. Halikuchipua. La pili, halikuchipua. La tatu, kimya. Kilele hakukigusa. Jua likashuka juu ya mtama, na wazee wakavua kofia bila kuambiwa. Matawi yakazikwa, maana nywele za uzazi hazitupwi.

Mtama ukazaa. Hakuna aliyehama. Na Mashavu, ambaye tangu mazishi hakuwa amepata usingizi, siku ile ya kunyoa aliegemea shina la mkenge, akalala.

Hapo ndipo nilipoiacha. Ikiwapendeza, kivuli chake ni chetu sote. Isipowapendeza, jua na linichome mimi peke yangu.